JINSI WATAZAMAJI WA BESIBOLI WANAVYOMSHANGILIA MCHEZAJI WAO



Muhula uliopita bweni letu lilicheza mpira wa miguu na bweni jirani, tukafungwa mabao matatu kwa moja. Bao la pili lilikuwa la aibu. Mpira ulikuja taratibu, golikipa wetu akauinamia, nao ukampita katikati ya miguu. Sisi tuliosimama nyuma ya goli, tena watu wa bweni lake mwenyewe, tukaanza kumwita "Pakacha! Pakacha!" kwa kuwa pakacha halishiki maji. Tulimwita hivyo mpaka filimbi ya mwisho. Mimi nilikuwa mmojawapo, wala sauti yangu haikuwa ndogo. Tangu siku ile mwenzetu huyo hajaandika jina lake katika orodha ya wachezaji.

Mwalimu wetu wa michezo alizisikia kelele zile. Hakutuchapa. Alituita watano jioni, kila mmoja akampa mchezo mmoja wa nchi za nje, akatuagiza tuchunguze jinsi watazamaji wa mchezo huo wanavyomshangilia mchezaji wao. Mimi nilipewa besiboli. Nilinung'unika moyoni, maana sikuujua mchezo wenyewe. Sasa nimekwisha kusoma na kutazama picha zake, nami naona yafaa niwagawie wenzangu niliyoyapata.

MCHEZO WENYEWE KWA UFUPI

Besiboli huchezwa na timu mbili, kila timu watu 9. Katika kiwanja mna vituo 4 vilivyopangwa kwa umbo la mraba, na toka kituo hata kituo ni futi 90, yaani mita 27 na kitu. Timu moja hulinda kiwanja, na timu ya pili hutoa wapigaji mmoja mmoja. Mtupaji wa timu inayolinda husimama kiasi cha mita 18 mbele ya mpigaji, akamtupia mpira mdogo mgumu kwa nguvu zake zote. Nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji, mwenye kuupokea mpira ukimpita.

Mpigaji hushika gongo la mti. Akiupiga mpira chini ndani ya mipaka, akakiwahi kituo kabla ya walinzi kuufikisha mpira, amepata mpigo salama. Akiweza baadaye kuzunguka na kurudi mahali alipoanzia, timu yake hupata alama moja. Akiupiga mpira ukavuka ukuta wa kiwanja, huzunguka vituo vyote bila kuzuiwa na mtu, na mpigo huo huitwa homurani. Lakini akirusha gongo akaukosa mpira, au akiuacha upite mahali ilipompasa kuupiga, mwamuzi humhesabia straiki. Straiki 3 zikitimia, ametoka. Wakitoka watu 3, timu hubadilishana nafasi. Kila timu hupata zamu 9 za kupiga.

Katika maelezo hayo mna mambo mawili ambayo yafaa msomaji ayashike, maana ndiyo yanayofanya ushangiliaji wa besiboli uwe wa namna yake.

Jambo la kwanza ni kwamba mpigaji husimama peke yake. Katika mpira wa miguu mtu aweza kujificha kati ya wenzake hata dakika kumi. Katika besiboli zamu yako ikifika hutangazwa jina lako, nawe huenda na gongo lako mbele ya maelfu ya watu, wala hapana mwenzako wa kumpasia. Tena mchezo huu una mapumziko mengi madogo kati ya mtupo na mtupo. Basi watazamaji hupata nafasi ya kumtazama mtu mmoja, kumtaja mtu mmoja na kumpa moyo mtu huyo huyo.

Jambo la pili ni kwamba mpigaji hushindwa mara nyingi kuliko anavyofaulu. Mwenye kupata mipigo salama 3 katika kila majaribio 10 huhesabiwa kuwa hodari. Ted Williams wa timu ya Boston Red Sox alisifiwa sana kwa mwaka wa 1941, na tangu mwaka huo hapana mtu katika ligi mbili kubwa za Marekani, American League na National League, aliyeifikia tena sehemu 4 katika 10. Mwaka ule alipata mipigo salama 185 katika majaribio 456 yaliyohesabiwa. Mwanafunzi wa hesabu atatoa kwa haraka: alishindwa mara 271. Na huyo ndiye bingwa! Kwa hiyo mtazamaji wa besiboli ampendaye mpigaji wake hana budi kujua mapema kwamba atamwona akishindwa, leo na kesho.

KUMWITA KWA JINA

Katika mji wa New York iko timu iitwayo Yankees. Nyuma ya kiwanja chao, upande wa kulia, mna majukwaa ya viti vya bei nafuu. Watu wakaao hapo wana desturi iliyoanza katika miaka ya 1990. Mchezo unapoanza, wachezaji wao wakiwa wametawanyika kulinda, watu hao hutaja jina la mchezaji mmoja kwa sauti moja na kwa makofi, wakarudia na kurudia mpaka ageuke na kuwapungia mkono. Akiisha kuitika, huanza jina la mwingine. Ni kama mwalimu wa zamu anavyoita majina asubuhi, ila hapa mwenye kuitwa hafurahii kukosa. Mtupaji na mdakaji kwa kawaida hawaitwi, kwa sababu hao wamo kazini wakati ule ule.

Timu hiyo hiyo ina mpigaji mrefu aitwaye Aaron Judge. Jina lake la pili kwa Kiingereza maana yake ni jaji. Mwaka 2017 timu ilitenga viti 18 upande anaolinda, vikazungushiwa mbao mfano wa mahakama, na watazamaji wakaao humo hupewa majoho meusi. Judge akija kupiga, watu husimama kama wasimamavyo mahakamani jaji anapoingia. Ni mzaha, lakini ni mzaha wa kumtukuza mtu, wala si wa kumdhalilisha. Mwaka 2022 Judge alipiga homurani 62, akaivunja rekodi ya American League iliyodumu tangu mwaka 1961.

KUMHESABIA KAZI YAKE

Namna nyingine ya kushangilia ni kuhesabu. Katika daftari za besiboli, mpigaji akitolewa kwa straiki 3 huandikwa herufi K. Mwaka 1984 timu ya New York Mets ilipata mtupaji kijana wa miaka 19, Dwight Gooden. Kila alipomtoa mpigaji kwa straiki, watazamaji walitundika ubao wenye herufi K juu ya jukwaa. Mpigaji akitolewa pasipo kurusha gongo, herufi hutundikwa imegeuzwa nyuma mbele. Mwaka ule Gooden aliwatoa wapigaji 276 kwa njia hiyo. Desturi ile ikaenea katika viwanja vingine, na mtu akichelewa kufika aweza kuzitazama zile K akajua mtupaji wake anaendeleaje.

Katika mji wa Seattle alikuwapo Mjapani mmoja, Ichiro Suzuki, aliyeanza kuichezea timu ya Mariners mwaka 2001. Yeye hakuwa mtu wa homurani nyingi. Kazi yake ilikuwa mipigo midogo ya akili na mbio. Mwaka 2004 mwanamke mmoja mpenzi wa timu alikuwa akija kiwanjani na ubao wenye namba, na kila Ichiro alipopata mpigo salama aliibadilisha namba ile. Hakupiga kelele kuliko wenzake. Alihesabu tu. Msimu ulipokwisha Ichiro alikuwa na mipigo salama 262, akaipita rekodi ya 257 aliyoiweka George Sisler mwaka 1920. Nilipousoma ubao ule katika picha nilifikiri hivi: kumhesabia mtu kazi yake njema, moja moja, bila kuruka, ni sifa kubwa. Sisi nyuma ya goli tulihesabu bao alilofungwa mwenzetu. Mipira aliyoiokoa kabla ya hapo hapana aliyeihesabu.

KENGELE YA HILDA CHESTER

Zamani kiwanja cha Ebbets Field katika Brooklyn kilikuwa na mtazamaji aliyejulikana karibu sawa na wachezaji. Jina lake Hilda Chester. Yasimuliwa kwamba alikuwa na sauti ya kutisha, hata alipopatwa na maradhi ya moyo daktari akamkataza asipige makelele. Mama huyo hakukaa nyumbani. Akaja na chombo cha kugonga, na baadaye akawa na kengele ya ng'ombe, akaigonga kwa miaka mingi toka jukwaani. Kila mtu katika kiwanja aliijua sauti ya kengele ile, na wachezaji wa Brooklyn Dodgers wakijua kwamba Hilda yupo.

Wapo pia watazamaji wanaomtaka mchezaji wao ajitokeze. Mtu akipiga homurani kubwa na kurudi penye benchi la wenzake, watu huendelea kupiga makofi na kutaja jina lake mpaka atoke tena, ainue kofia yake, ndipo wakae. Kitendo hicho cha kuinua kofia ni kidogo, lakini ndicho jibu. Watazamaji wamesema, naye amejibu. Nawaomba mkikumbuke, maana nitarudi kwake.

WANAFUNZI WA JAPANI

Japani wanaupenda mchezo huu kama sisi tunavyoupenda mpira wa miguu, nao wanashangilia kwa mpango. Katika timu zao kubwa, karibu kila mpigaji wa kawaida ana wimbo wake mwenyewe, uliotungwa na vikundi vya washangiliaji. Akifika kwenye nafasi ya kupiga, tarumbeta na ngoma huanza, na jukwaa zima huimba wimbo wa mtu huyo, si wa mwingine. Watazamaji wa timu ngeni hutengewa mahali pao. Jambo lililonishangaza ni hili: timu yao inapopiga wao huimba, na zamu ya wapinzani ikifika huweka tarumbeta chini, wakawaachia wenzao nafasi ya kuimba. Wanashindana, lakini kwa zamu.

Wanafunzi wa sekondari nao wana mashindano ya nchi nzima yaliyoanza mwaka 1915. Tangu mwaka 1924 huchezwa katika kiwanja cha Koshien, karibu na mji wa Kobe. Shule inayofika huko huja na bendi yake na wanafunzi wake, wakakaa katika jukwaa moja na kuimba chini ya jua kali la mwezi wa nane. Mchezo ukiisha, timu hukimbia mpaka mbele ya jukwaa la shule yao, wakajipanga mstari mmoja, wakavua kofia na kuinama. Walioshinda huinama, na walioshindwa huinama vile vile, wengi wao wakilia. Na wale wa jukwaani huwapigia makofi. Nimejiuliza kama timu ya bweni letu siku ile ingalithubutu kuja kutuinamia sisi.

KUSHANGILIA KWA KUJIZUIA

Kwa miaka kama 60 ligi kubwa za Marekani ziliwafungia mlango wachezaji Weusi. Mlango huo ulifunguliwa tarehe 15 Aprili, 1947, Jackie Robinson alipoingia kiwanjani Ebbets Field na timu ya Brooklyn Dodgers. Watazamaji walikuwa zaidi ya 25,000, na wengi katika hao walikuwa Wamarekani Weusi waliokuja kumwona mtu wao. Katika miezi iliyofuata, timu ilipokwenda katika miji mingine, watu walisafiri mbali kwa garimoshi ili wamwone kwa macho.

Katika viwanja vingine Robinson alitukanwa vibaya, hata na wachezaji wa timu pinzani. Alikuwa amemwahidi mkuu wa timu yake, Branch Rickey, kwamba hatajibu matusi kwa matusi. Na hapa watazamaji wake nao walikuwa na sehemu yao. Magazeti ya Wamarekani Weusi yaliwahimiza wasomaji wao wavae vizuri, wasilewe, wasigombane na mtu majukwaani, kwa maana kila kosa la mtazamaji lingebandikwa shingoni mwa mchezaji. Basi watu wale walishangilia huku wamejizuia. Walijua kwamba sauti ya jukwaani haiishii jukwaani, bali humfikia mtu aliye kiwanjani ikamjenga au ikamgharimu. Mwaka 1997 namba yake, 42, iliondolewa katika timu zote kwa heshima yake, na siku hizi kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote huivaa kwa siku moja.

MTU ALIYEKATAA KUINUA KOFIA

Sasa namrudia Ted Williams, yule aliyeshindwa mara 271 na bado akawa bingwa. Alianza kuichezea Boston mwaka 1939, akiwa kijana wa miaka 20. Watu walimpenda, naye aliinua kofia yake kila waliposhangilia, tena kwa furaha. Mwaka wa pili mambo hayakwenda vizuri kama mwanzo. Baadhi ya watazamaji wa Boston yenyewe wakaanza kumzomea. Williams akakasirika, akaapa kwamba hatawainulia kofia tena.

Alitimiza neno lake. Alipata sifa kubwa, akatumika jeshini mara mbili akiwa rubani, akarudi na kuendelea kupiga. Mwezi Agosti mwaka 1956 aliuangusha mpira ambao angaliudaka, watu wakamzomea. Punde si punde akadaka mpira mwingine kwa ustadi, na watu wale wale wakampigia makofi. Hapo hasira ikampanda, akatema mate kuwaelekea. Timu yake ilimtoza faini ya dola 5,000. Mimi simtetei, maana kutema mate ni utovu wa adabu. Lakini naelewa lililomchoma. Watu waliokuzomea sasa hivi, wakikupigia makofi sasa hivi, hawakushangilii wewe. Wanajishangilia wenyewe.

Tarehe 28 Septemba, 1960, alicheza mara ya mwisho katika Boston. Walikuja watu 10,454 tu, katika kiwanja kiwezacho kuchukua zaidi ya mara tatu ya hao. Katika zamu yake ya mwisho kabisa ya kupiga alipiga homurani, ya 521 katika maisha yake. Alizunguka vituo mbio, kichwa ameinamisha, akaingia kwenye benchi. Watu walisimama, wakamwita, wakaomba atoke. Wenzake walimsihi. Hakutoka. Hakuinua kofia. Makofi yote yale hayakuweza kulifuta lile zomeo la mwaka 1940.

Ilikuwa tarehe 12 Mei, 1991, walipomfanyia siku yake ya heshima, ndipo mzee huyo, akiwa na umri wa miaka 72, alitoa kofia mfukoni, akaivaa, kisha akaiinua mbele ya watu wa Boston. Toka 1940 hata 1991 ni miaka 51. Nimeihesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

USIKU MMOJA KATIKA PHILADELPHIA

Msomaji asidhani kwamba zomeo haliponyeki mpaka mtu azeeke. Mwaka 2023 timu ya Philadelphia Phillies ilikuwa na mchezaji mpya, Trea Turner, aliyeandikiwa mkataba wa miaka 11 kwa dola milioni 300. Fedha zote hizo, naye hakuweza kupiga. Kila wiki ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia, na katika kulinda pia alikosea. Watazamaji wa Philadelphia wanajulikana Marekani nzima kwa kuzomea, hata watu wao wenyewe, na kwa hakika walianza.

Lakini baadhi yao walitoa shauri jingine: mbona tusimpe moyo? Ijumaa tarehe 4 Agosti, alipokuja kupiga mara ya kwanza nyumbani, watu walisimama kwa miguu yao na kumpigia makofi marefu. Hakuwa amefanya lolote la kupigiwa makofi. Kila alipokuja tena kupiga usiku ule walisimama tena. Timu yao ilishindwa katika mchezo huo. Lakini tangu siku hizo Turner alianza kupiga vizuri sana, na msimu ulipokwisha alikuwa na homurani 26, nyingi zaidi zikiwa za baada ya usiku ule. Akatoa shukrani zake kwa watazamaji katika mabango makubwa ya barabarani.

Sisemi kwamba makofi peke yake ndiyo yaliyompigia mipira ile. Mpigaji hodari hupotewa, kisha hujirudia, na mazoezi yana sehemu yake. Lakini Turner mwenyewe aliwashukuru watu, na mimi namsadiki kuliko ninavyosadiki mashaka yangu. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wamesema pia kwamba mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema hutunzwa akicheza vizuri tu.

YATUPASAYO

Nikiyakusanya yote niliyoyaona, naweza kuyasema hivi. Mshangiliaji mwema huliita jina la mtu wake kabla hajafanya lolote. Humhesabia mema yake. Hujua wakati wa kunyamaza. Hujizuia ili kosa lake lisimwangukie mchezaji. Na zaidi ya hayo, husimama wakati mtu wake ameshindwa, kwa maana wakati wa ushindi hata mpita njia aweza kupiga makofi.

Kabla ya kumpa mhariri makala haya nilimpelekea golikipa wetu ayasome, kwani sikuona haki kuandika habari zake bila yeye kujua. Tulikaa katika ngazi za maktaba. Aliyasoma yote polepole, kisha akaniomba kalamu. Nilikuwa nimeandika kwamba mpira ule ulikuja "taratibu sana". Akasema, "Haukuja taratibu sana," akalikata neno "sana". Nikamwambia, "Ndugu yangu, nisamehe kwa siku ile." Akajibu kwamba amesikia. Hakuniambia kama ataandika jina lake muhula ujao, wala sikumuuliza mara ya pili.

Mabweni yetu yatarudiana muhula huo. Mimi ni wa kidato cha nne, na utakuwa mchezo wangu wa mwisho katika shule hii. Nawaomba wenzangu wa bweni, wale niliopiga nao kelele na wadogo zetu waliotuiga: jina lake likiwamo katika orodha, tusimame nyuma ya goli lile lile kabla ya filimbi ya kwanza, tumwite kwa jina alilopewa na wazazi wake, mpaka ainue mkono. Na asipouinua tusikasirike. Tuendelee kumwita. Watu wa Boston walingoja miaka 51.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne